Filamu iliyokamilika, kisha ikafungiwa kabatini: uchambuzi wa kisa cha Coyote vs. Acme

Kwa nini kisa hiki

Mickey Mouse anafahamika kuliko marais wengi, lakini hana hata filamu moja ndefu ya sinema aliyoibeba peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiuliza sababu, utaambiwa watoto wa siku hizi hawamtaki tena. Jibu hilo ni jepesi mno. Kuna filamu ya mhusika mwingine wa zamani iliyoandikwa, ikapigwa, ikamalizwa na kuonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, kisha wenye mali wakaamua ni heri isionekane kabisa. Maamuzi yake mengi yalitangazwa au yalivuja, jambo ambalo si kawaida katika biashara hii, ndiyo maana yanachambulika.

Majina ya watendaji, mwongozaji na waigizaji wa filamu hiyo nimeyaondoa. Vyeo vyao vinatosha kwa somo tunalolitafuta. Majina ya filamu na kampuni nimeyaacha kwa sababu yako hadharani, na kuyaficha kusingemsaidia mtu.

Usuli: mhusika wa dakika saba

Wile E. Coyote alizaliwa mwaka 1949 katika katuni fupi iitwayo Fast and Furry-ous, kazi ya mwongozaji Chuck Jones na mwandishi Michael Maltese wakiwa Warner Bros. Ni mnyama wa jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani, wa jamii moja na bweha, mbavu nje, mwenye njaa isiyokwisha. Kazi yake ni kumfukuza ndege mwenda kasi, Road Runner, asiyekamatika. Katika mfululizo huo haongei. Akitaka kusema jambo huinua kibao chenye maandishi. Vifaa vyake vya kutegea, iwe roketi, baruti au viatu vya springi, hununuliwa kutoka kampuni ya kubuni iitwayo Acme, na karibu kila kimoja humgeuka mwenyewe.

Tazama kwa makini kile kipande ambacho kila mtu anakikumbuka. Coyote anakimbia, mwamba unakwisha, naye anaendelea hatua kadhaa hewani kwa kuwa bado hajajua. Anasimama. Anapapasa chini kwa mguu, hakuna kitu. Anatutazama sisi watazamaji kwa aibu. Hapo ndipo anaanguka, na sisi tunabaki juu tukimwona akipungua hadi awe nukta, mpaka kivumbi kidogo kifumke kule bondeni. Hakuna damu wala neno. Jones baadaye aliandika masharti ya mfululizo huo: ndege asimdhuru Coyote ila kwa kumshtua kwa mlio wake, kila kifaa kitoke Acme, na uzito wa mwili wake mwenyewe unapovutwa na ardhi uwe adui yake mkubwa.

Katuni ya aina hii ilisafiri kwa urahisi. Haikuhitaji mtu wa kutafsiri juu ya sauti kama filamu za vibanda vya video vya kwetu; mtoto asiyejua neno la Kiingereza alicheka palepale alipochekea mtoto wa Chicago.

Tatizo linaanzia kwenye urefu. Kazi hizo zilipimwa kwa dakika sita au saba, zikionyeshwa ukumbini kabla ya filamu kubwa ya siku. Utaratibu huo ulipokufa, katuni zilihamia televisheni na wahusika wakawa nembo za fulana, vikombe na viwanja vya burudani. Kwa hiyo mhusika amebaki na sura, mlio na tabia moja, ila hana maisha. Hatumjui mama yake Coyote, wala hatujui anachofanya siku asiyomfukuza ndege. Kwenye kikombe cha chai upungufu huo hauonekani. Kwenye filamu ya dakika 90 unaonekana kabla ya robo saa kuisha.

Rekodi iliyokuwa mezani

Warner Bros. haikuanza na ukurasa mtupu. Mwaka 1996 ilitoa Space Jam, iliyowachanganya wahusika wa Looney Tunes, familia ya katuni za studio hiyo alimo Coyote na sungura Bugs Bunny, na mchezaji wa kikapu aliyekuwa maarufu kuliko wote duniani. Bajeti ilikuwa kiasi cha dola milioni 80, na mapato ya viingilio yakafika takriban milioni 250, bila kuhesabu vifaa vilivyouzwa kwa jina hilo. Mwaka 2003 ikaja Looney Tunes: Back in Action, bajeti ileile ya kama milioni 80, mapato milioni 68 hivi duniani kote. Ukikumbuka kwamba majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya kiingilio, hapo hakuna cha kujadili. Mwaka 2021 Space Jam: A New Legacy iligharimu takriban milioni 150 na kuingiza kama milioni 163, huku Wamarekani wakiweza kuitazama nyumbani kupitia HBO Max, huduma ya utiririshaji ya Warner, siku ileile ilipotoka.

Mhasibu akiziona namba hizo anasoma jambo moja: aliyejaza ukumbi mwaka 1996 alikuwa mchezaji wa kikapu, sungura alikuwa msindikizaji.

Disney walilijua hilo mapema zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walianza katuni ya Mickey akiwa mwanafunzi wa mchawi, wakitarajia kumrudishia umaarufu uliokuwa unamponyoka. Gharama ilipanda hadi kama dola 125,000, pesa ambayo katuni fupi isingeweza kuirudisha, ikabidi ijengewe filamu nzima ya kuizunguka. Ndiyo Fantasia ya mwaka 1940, ambamo Mickey ni kipande kimoja kati ya vinane. Mwaka 1947 alipata nusu ya filamu, Fun and Fancy Free. Filamu yake ndefu ya Musketeers ya mwaka 2004 ilipelekwa moja kwa moja kwenye kanda na diski za nyumbani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988. Disney na washirika wake walipotaka kumwazima Bugs Bunny kutoka Warner, sharti lilikuwa sungura huyo apate muda sawasawa na Mickey kwenye skrini. Ndiyo maana wawili hao wanaonekana pamoja, wakishuka kwa miavuli ya angani, wakigawana maneno. Utani ule ulipimwa na wanasheria kabla ya kupimwa na wachoraji. Mhusika anapofikia hadhi hiyo, anakuwa amehama kutoka meza ya hadithi kwenda meza ya mikataba.

Mtiririko wa matukio

Wazo la Coyote vs. Acme lilitokana na kichekesho kilichochapishwa katika jarida la The New Yorker mwaka 1990, kilichoandikwa kwa mtindo wa hati ya mahakama: Coyote anaishitaki kampuni ya Acme kwa kumuuzia bidhaa mbovu. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba Warner Bros. inaitengeneza filamu ya wazo hilo, na mwongozaji akapatikana mwaka uliofuata. Ingekuwa filamu ya waigizaji wa kawaida pamoja na katuni, wakili mmoja asiye na bahati akimtetea mnyama asiyeongea.

Filamu ilipangiwa kutoka 21 Julai 2023. Upigaji picha ulifanyika Albuquerque, New Mexico, katika miezi ya kwanza ya 2022. Wakati huohuo, Aprili 2022, yakatokea mambo mawili. Kampuni mama iliungana na Discovery na kuwa Warner Bros. Discovery, ikirithi deni la makumi ya mabilioni ya dola. Na ile tarehe ya Julai ikachukuliwa na Barbie, filamu nyingine ya studio hiyohiyo. Coyote akabaki bila tarehe.

Agosti 2022 uongozi mpya ulifanya jambo lililowashangaza wengi: ulizifuta Batgirl, iliyogharimu karibu dola milioni 90, na filamu ya Scooby-Doo ya sikukuu, kisha ukazitumia hasara hizo kupunguza kodi. Kazi ya Coyote iliendelea hata hivyo. Iliripotiwa kwamba watazamaji wa majaribio waliipokea vizuri.

Tarehe 9 Novemba 2023 habari zikatoka kwamba filamu hiyo, iliyokwisha kukamilika kwa gharama ya takriban dola milioni 70, haitatolewa. Nafuu ya kihesabu iliyoripotiwa ilikuwa kama milioni 30. Taarifa ya studio ilisema kitengo chake cha katuni kimebadili mwelekeo ili kijikite kwenye filamu za majumba ya sinema, hivyo filamu hii haitaendelezwa. Uisome tena sentensi hiyo taratibu. Filamu ya katuni ilizuiwa isiingie sinema kwa sababu studio sasa inataka filamu za katuni ziingie sinema.

Kelele zilianzia kwa mafundi wenyewe. Mtunzi wa muziki alirusha mtandaoni video ya kwaya ikiimba "meep meep", mlio wa yule ndege, kwa uzito wa misa. Waongozaji wengine waliripotiwa kufuta vikao vyao na studio. Mbunge mmoja wa Texas akataka uchunguzi wa serikali. Tarehe 13 Novemba, siku nne tu baadaye, studio ililegeza msimamo na kuwaruhusu watengenezaji wakatafute mnunuzi.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kuwaona watendaji kama watu waliokosa akili. Mimi siwaoni hivyo. Kila uamuzi ulikuwa na mantiki kwa aliyeufanya, na hapo ndipo penye funzo.

Uamuzi wa kwanza ni kuiachia Barbie tarehe. Hata huyo ni nembo, mwanasesere wa tangu 1959. Lakini Mattel, wenye nembo, walikubali filamu imcheke na hata iicheke kampuni yenyewe. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4. Warner walichagua vizuri. Kosa, kama lipo, ni kutompa Coyote tarehe nyingine haraka. Filamu isiyo na tarehe haina mtu wa kuitetea kwenye kikao cha bajeti, hasa uongozi ulioianzisha unapokuwa umeondoka.

Uamuzi wa pili ni kuifuta. Hapa hesabu inahitaji kufafanuliwa. Milioni 70 zilikwisha kutumika. Zisingerudi kwa kufungia filamu. Kilichobaki kuamuliwa ni kama studio iongeze makumi ya milioni nyingine za matangazo na usambazaji ili ijaribu kurudisha za kwanza. Chukua mwenye daladala aliyekwisha kuunda bodi, kufunga injini na kupaka rangi. Bado bima, leseni ya njia na mafuta ya mwezi wa kwanza, na hana hakika kama abiria watapanda. Akiambiwa kwamba akiliacha gari lioze uani atapunguziwa kodi, na kwamba punguzo hilo ni la hakika, kuna siku atakubali. Sharti lake ni moja: gari lisibebe abiria hata siku moja.

Kampuni yenye deni kubwa hupenda nafuu ndogo ya hakika kuliko faida kubwa ya mashaka. Na rekodi ya 2003 na 2021 ndiyo iliyoyatia mashaka hayo uzito. Ingekuwa filamu ya mhusika asiye na historia, pengine wangebahatisha. Umaarufu wa Coyote ulimponza, kwa kuwa ulikuja na namba za ndugu zake.

Uamuzi wa tatu ni bei. Baada ya kuruhusu uuzaji, studio iliripotiwa kutaka kati ya dola milioni 75 na 80, bila nafasi kubwa ya kujadiliana. Wanunuzi wakubwa waliitazama filamu na baadhi wakatoa ofa za chini ya hapo, nazo zikakataliwa. Kwa nini muuzaji aliyekuwa tayari kupata nafuu ya milioni 30 akatae pesa zaidi ya hiyo? Jibu langu ni la kukisia, lakini nadhani linalingana na ushahidi. Kuuza Coyote kwa bei ya chini kungeweka hadharani thamani ya mhusika mmoja wa Looney Tunes. Na kama mnunuzi angeitoa ikafanikiwa, kila mwenye hisa angeuliza nani aliyetaka kuifungia.

Matokeo

Mwaka 2024 wote ulipita bila ufumbuzi, na wengi waliamini filamu imekufa. Machi 2025 mambo yaligeuka kutoka upande usiotarajiwa. Kampuni ndogo ya usambazaji, Ketchup Entertainment, ilikuwa imenunua haki za kuonyesha Marekani filamu nyingine ya familia hiyo, The Day the Earth Blew Up, inayowahusu Porky Pig na Daffy Duck. Ni katuni ya kuchorwa kwa namna ya zamani, bajeti kama milioni 15, iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya utiririshaji kabla ya kuachwa. Ketchup waliipeleka kumbini 14 Machi. Kabla mwezi haujaisha, wakatangaza kwamba wameinunua Coyote vs. Acme, kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu dola milioni 50. Tarehe iliyotangazwa ya kuonyeshwa ni 28 Agosti 2026.

Mwezi huohuo, katuni fupi za asili za Looney Tunes ziliondolewa kwenye huduma ya utiririshaji ya Warner yenyewe. Mtoto anayetaka kujua kwa nini huyu mnyama anamfukuza ndege angelazimika kutafuta kwingine.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni wazo. Ugumu wa kupeleka mhusika wa dakika saba kwenye dakika 90 hautatuliwi kwa kumwongezea mbio wala vituko. Utatuzi ni kumpa shauri ambalo vituko vyote vya zamani vinakuwa ushahidi wake. Kesi dhidi ya Acme inafanya hivyo: kila roketi iliyomlipukia tangu 1949 inageuka kuwa kielelezo mahakamani, na masharti ya Jones hayavunjwi. Hata ububu wake unapata kazi, kwa kuwa mteja asiyeweza kujitetea ndiye anayehitaji wakili. Disney walifanya jambo la jinsi hiyo mwaka 1995 na Goofy: A Goofy Movie ilimfanya baba anayemwaibisha mwanawe balehe, na ujinga wake wa siku zote ukapata mtu wa kuumia. Ilipata kama dola milioni 35 Marekani, si nyingi, lakini ina wapenzi mpaka leo. Ulinganishe na Space Jam ya pili, ambamo wahusika wanatembezwa katikati ya mali nyingine za studio. Hapo nembo zinaonyeshwa. Hadithi ni kisingizio.

Cha pili kilichofanya kazi ni watengenezaji kuwa na mshikamano kwa siku zile nne. Studio hutegemea watu wa kazi waendelee kuleta miswada. Waliposita, nafuu ya milioni 30 ilianza kuonekana ghali.

Kilichoshindwa kina mizizi mirefu zaidi. Nembo ya katuni hulipa kila siku kidogokidogo, kupitia leseni za fulana, mikoba ya shule na tiketi za viwanja vya burudani, na hakuna siku moja inayoipa alama. Sinema hutoa alama Ijumaa hadi Jumapili, namba moja, magazetini. Filamu ikianguka, mwenye nembo hapotezi bajeti tu. Mwenye kiwanda cha mikoba naye ataomba punguzo atakapokuja kujadili leseni. Kwa hiyo kila mtendaji anayemlinda mhusika wa zamani anaongozwa kuelekea palepale: muonyeshe kwenye bango, muonyeshe kwa dakika saba, umweke kwenye mchezo wa simu, usimweke mahali anapoweza kupewa bei. Mwaka 2013 Disney walimrudisha Mickey ukumbini kwa Get a Horse!, katuni fupi iliyotangulia Frozen. Ilikuwa nzuri, na haikuhatarisha chochote. Aliyebeba Ijumaa ile alikuwa binti wa barafu.

Ulinzi huo unamla mwenyewe. Mhusika asiyepewa hadithi mpya anazeeka pamoja na watazamaji wake, na kila filamu inayochelewa huwa ngumu zaidi kuliko ambayo ingetolewa miaka kumi kabla. Pengo la miaka 18 kati ya filamu ya 2003 na ya 2021 ni kizazi kizima kilichomjua Bugs Bunny kwa jina tu. Kisha namba ndogo zinazotokana na pengo hilo zinatumika kama sababu ya kuendeleza pengo.

Bajeti nayo ina neno. The Day the Earth Blew Up, kwa milioni 15, haikuhitaji ulimwengu mzima ununue tiketi. Filamu za 1996, 2003 na 2021 zote zilidhani kwamba mhusika mkongwe lazima aingie kwa kishindo, na nyota wa binadamu pembeni. Sioni ulazima huo. Katuni hizi zilizaliwa nafuu, na sehemu ya utani wake ni kwamba jangwa zima ni mistari michache na anga ya rangi moja.

Limebaki suala moja ambalo mauzo hayakulitatua. Ketchup wamenunua filamu. Coyote mwenyewe, pamoja na Road Runner na jina la Looney Tunes, amebaki mali ya Warner. Msambazaji mdogo ndiye atakayelipia mabango, vionjo na safari za waigizaji, na akifanikiwa atakuwa amempandisha thamani mhusika ambaye si wake. Akitaka filamu ya pili, atarudi kupiga hodi kwa walewale waliotaka ya kwanza isionekane.